Maneno ya Kichina: uyakusanye kwa herufi au kwa mada? Ulinganisho kwa anayejifunzia Mwanza

Anayeanza Kichina Mwanza siku hizi huwa na sababu yake. Kuna anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu kwa ajili ya duka la Makoroboi. Kuna anayeuza mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara. Kuna fundi, dereva au mkalimani kwenye saiti za wakandarasi wa Kichina, kama ile ya reli ya SGR ya Mwanza–Isaka. Na kuna kijana anayetafuta udhamini wa kusoma China, ambaye anadaiwa cheti cha HSK, mtihani wa kupima Kichina. Wote hukwama mahali pamoja: maneno mia moja ya kwanza huingia vizuri, kisha mapya yanaanza kufukuza ya zamani.

Hapo mpangilio ndio unaoamua. Njia mbili ndizo zinazoshindana. Ya kwanza ni mada: sokoni, hotelini, kituoni, na maneno ya kila mahali. Ya pili ni familia ya herufi: unachukua herufi moja, tuseme 电 diàn (umeme), na kukusanya maneno inamoingia. 电话 diànhuà ni simu, 电脑 diànnǎo kompyuta, 电视 diànshì televisheni, 电影 diànyǐng filamu, 电梯 diàntī lifti. Ukizipasua unapata umeme-maneno, umeme-ubongo, umeme-kutazama, umeme-kivuli, umeme-ngazi. Zipo njia nyingine mbili, vipande vya herufi na orodha ya mtihani, lakini hizo ni za kusaidia tu.

Familia ya herufi inafanya nini hasa

Maneno mengi ya Kichina cha leo yana herufi mbili. Ukishaijua 电, kila neno jipya la familia hiyo unalijifunza nusu. Zaidi ya hapo, familia inakufundisha jinsi neno linavyojengwa, na hapa Mswahili ana kazi ya ziada. Sisi tunaanza na kitu chenyewe kisha tunakieleza: kituo cha gari la moshi. Mchina anaanza na maelezo na kumalizia na kitu: 火车站 huǒchēzhàn, moto-gari-kituo. Kwa hiyo neno refu lisome kuanzia mwisho na uweke viunganishi vyako: kituo (站) cha gari (车) la moto (火). Ukizoea kusoma hivyo, maneno ya herufi tatu au nne ambayo hujawahi kufundishwa yanaanza kufunguka yenyewe.

Mada haikupi hilo. Katika mada ya usafiri utakutana na 飞机 fēijī ndege, 船 chuán meli, 票 piào tiketi na 司机 sījī dereva, na kitu pekee kinachoyaunganisha ni kwamba yote yako stendi au bandarini. Kwa upande mwingine, kesho asubuhi unaweza kuyatumia yote katika mazungumzo mamoja. Familia ya 机 jī (mashine) itakupa 手机 shǒujī simu ya mkononi, 飞机 ndege, 机场 jīchǎng uwanja wa ndege, 司机 dereva, na ghafla 机会 jīhuì, yaani fursa, ambayo haina mashine yoyote ndani yake. Ni nadra maneno hayo matano kutokea kwenye maongezi ya siku moja.

Herufi ikiwa mbele, herufi ikiwa nyuma

Wengi wanaosifia au kuponda familia za herufi hawatenganishi familia za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Tazama 货 huò, bidhaa au mzigo, herufi ambayo mwagizaji hawezi kuikwepa:

| 货 iko mbele | 货 iko nyuma |
|---|---|
| 货柜 huòguì – kontena | 订货 dìnghuò – kuagiza mzigo |
| 货款 huòkuǎn – pesa ya mzigo | 发货 fāhuò – kutuma mzigo |
| 货代 huòdài – wakala wa kusafirisha | 验货 yànhuò – kukagua mzigo |
| 货车 huòchē – lori | 退货 tuìhuò – kurudisha mzigo |

Safu ya kushoto ni rahisi. Kontena, pesa, wakala na lori ni vitu vinne visivyofanana, na ubongo hauvichanganyi. Safu ya kulia ndiyo yenye matata: yote ni matendo juu ya mzigo uleule, yote yanaishia kwa sauti moja, na yanatokea katika mkataba mmoja. Ukiyajifunza yote siku moja utayatambua ukiyaona, lakini ukitakiwa kuyasema kwa haraka kwenye ujumbe wa sauti wa WeChat, 退货 na 发货 zitapishana mdomoni. Mtu anayetaka kurudisha mzigo akisema atumiwe mzigo, hasara yake si ya sarufi.

Hili halimo katika Kichina peke yake. Majaribio ya watafiti wa kujifunza lugha, ya Thomas Tinkham yaliyochapishwa 1993 na ya Rob Waring 1997, yalionyesha kwamba maneno mapya ya aina moja yakifundishwa pamoja huchelewa kushika kuliko maneno mchanganyiko. Hayakuwa majaribio ya Kichina, lakini anayefundisha Kichina anaona jambo hilohilo kwenye 买 mǎi (nunua) na 卖 mài (uza): zimefundishwa ukurasa mmoja, zimetofautiana toni tu (kupanda na kushuka kwa sauti), na mwaka mzima unapita mtu bado anasita.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Familia ambayo herufi ya pamoja iko mbele na maana ziko mbalimbali, ikusanye kwa kasi. Familia ambayo herufi iko nyuma, ambayo kwa kawaida hutoa aina za kitu kimoja au matendo juu ya kitu kimoja, iingize neno mojamoja, na usiongeze la pili hadi la kwanza litoke bila kusita. Ila angalia kesi yenyewe. 片 piàn, kipande bapa, hukaa nyuma lakini haina shida: 鱼片 yúpiàn minofu ya samaki, 名片 míngpiàn kadi ya biashara, 药片 yàopiàn kidonge, 照片 zhàopiàn picha. Hakuna anayechanganya minofu na kidonge.

Mahali familia ya herufi inapokudanganya

Kosa la kwanza ni herufi yenye sauti mbili. 行 husomwa xíng katika 旅行 lǚxíng (safari) na háng katika 银行 yínháng (benki). 长 ni cháng ikiwa na maana ya refu, lakini nahodha ni 船长 chuánzhǎng. 干 ni gān kwenye 鱼干 yúgān (samaki mkavu) na gàn kwenye 干活 gànhuó (kufanya kazi). Ukiziweka ukurasa mmoja kwa sababu sura ni moja, utasoma benki kama safari. Zitenge: kurasa mbili, kila moja na sauti yake juu.

La pili ni maneno yasiyopasuka. 东西 dōngxi ni kitu, ingawa herufi zake ni mashariki na magharibi. 马上 mǎshàng ni sasa hivi, ingawa unaona farasi na juu. Kuna wanaotunga kisa kirefu cha farasi ili wakumbuke. Kwa maoni yetu ni kupoteza muda. Lichukue neno zima na uendelee na safari.

La tatu ni mpangilio kugeuka: 牛奶 niúnǎi ni maziwa, 奶牛 nǎiniú ni ng'ombe wa maziwa. Kanuni ya kusoma kuanzia mwisho inatosha hapa.

La nne linawahusu wanaojifunza kwa sikio peke yake, nalo ni kubwa. Kichina sanifu kina silabi 400 hivi ukiacha toni. Matokeo yake, 电 (umeme) na 店 (duka, kama katika 商店 shāngdiàn) zote ni diàn, toni ileile. Huwezi kuzitenganisha ila kwa kuziona au kwa neno zima. Karibu nazo ni 货车 huòchē (lori) na 火车 huǒchē (treni), ambazo zinaachana kwa toni ya silabi ya kwanza tu. Anayepanga kupeleka mzigo na akaangusha toni hapo anabadilisha chombo cha usafiri.

Mahali mada inaposhinda bila ubishi

Chukua mabondo. Ukifuata familia ya 鱼 yú (samaki) utapata orodha ya kupendeza: 鲜鱼 xiānyú samaki mbichi, 冻鱼 dòngyú samaki wa barafu, 罗非鱼 luófēiyú sato, 鳄鱼 èyú mamba, 鱿鱼 yóuyú ngisi. Utapata pia 鱼鳔 yúbiào, jina la kiungo chenyewe, bondo. Lakini bondo likishakaushwa na kuingia sokoni, mnunuzi huliita 花胶 huājiāo, ua-gundi. Hakuna samaki humo. Familia ya 鱼 ungeichimba mpaka chini usilipate neno ambalo ndilo lenye pesa.

Kwa kazi hiyo panga tukio: mzani uko mezani, watu wawili wanaongea. 花胶, 干 gān kavu, 公 gōng dume, 母 mǔ jike, 克 kè gramu, 称 chēng kupima, 多少钱 duōshao qián bei gani. Angalia kwamba hili ni tukio, si orodha ya aina. Mada zinazoharibu ni zile za "matunda ishirini" au "rangi zote". Hapo unarudi kwenye tatizo la Waring, maneno ya aina moja kugongana. Maneno ya tukio moja yana kazi tofauti, kwa hiyo hayagongani sana.

Kwenye mzani huohuo familia moja ndogo ya herufi inakuwa lazima, ya 斤 jīn. 公斤 gōngjīn ni kilo moja. 斤 yenyewe, China bara, ni gramu 500. Kwa wafanyabiashara wa Hong Kong wanaotumia vipimo vya zamani, 斤 ni gramu 605 hivi. Anayesikia silabi jīn na kuandika kilo amekwisha kupoteza hesabu kabla ya kujadili bei. Hizi tatu zijifunze kwa pamoja na kwa makusudi, kwa sababu hatari iko katika kufanana kwake.

Saiti nako mada inatangulia. 小心 xiǎoxīn (angalia!), 停 tíng (simama), 危险 wēixiǎn (hatari) na 安全帽 ānquánmào (kofia ngumu) haziwezi kusubiri zamu ya familia yake. Zikishakaa, ndipo 工 gōng inafaa: 工地 gōngdì saiti, 工人 gōngrén mfanyakazi, 工资 gōngzī mshahara, 工具 gōngjù zana, kisha baada ya muda 开工 kāigōng kuanza kazi na 收工 shōugōng kufunga kazi, katika wiki tofauti. Na 水 shuǐ (maji) itakupa 水泥 shuǐní saruji, yaani maji-tope, na 水平仪 shuǐpíngyí, ambayo kila fundi wa huku anaijua kwa jina lenye maji vilevile: pimamaji.

Saa nazo zifundishwe kama tukio. Kwenye kadi usiandike tarakimu tupu. Andika "saa tatu asubuhi" upande mmoja na 上午九点 shàngwǔ jiǔ diǎn upande wa pili, kwa sababu Mchina anahesabu saa tisa pale sisi tunapohesabu saa tatu. Ukitafsiri kwa namba utafika umechelewa kwa saa sita.

Vipande vya herufi

Herufi nyingi zina kipande cha maana na kipande cha sauti. 鳔 biào ina 鱼 kushoto na 票 piào kulia. 漂亮 piàoliang (-zuri) ina 票 hiyohiyo. 胶 jiāo ina 交 jiāo, ambayo mwagizaji anaijua kutoka 交货 jiāohuò (kukabidhi mzigo). Mfano mzuri kuliko yote ni 青 qīng: 请 qǐng, 清 qīng, 情 qíng, 晴 qíng. Lakini ndani ya kundi hilo kuna 睛 na 精, ambazo ni jīng. Kipande kinakupa kisio, hakikupi jibu. Kabla ya kujua herufi kama 300 hivi, kuvipanga vipande ni kupanga vitu usivyokuwa navyo. Baada ya hapo ni msaada mkubwa wa kukumbuka mkono uandike nini.

Orodha ya HSK

Orodha ya zamani ya ngazi sita ilipanda hivi: maneno 150, 300, 600, 1200, 2500, 5000. Kiwango kilichotolewa 2021 kilikuja na ngazi tisa, na ngazi ya kwanza pekee ilikuwa na maneno 500. Kwa hiyo uliza kituo utakachofanyia mtihani kinatumia orodha ipi kabla ya kupakua chochote. Kosa ni kuifuata kwa alfabeti kama ilivyochapishwa. Alfabeti ya pinyini, yaani Kichina kilichoandikwa kwa abjadi ya Kilatini, inaweka 妈妈 māma, 吗 ma na 买 mǎi bega kwa bega, yaani inakukusanyia sauti zinazofanana bila maana wala herufi ya pamoja. Huo ndio mpangilio mbovu kuliko yote hapa.

Orodha ni kipimo tu cha umefika wapi. Ndani yake tafuta familia: katika yale maneno 150 ya zamani tayari kuna 电脑, 电视, 电影 na 打电话 dǎ diànhuà (kupiga simu), na kuna 学生 xuésheng, 学习 xuéxí, 学校 xuéxiào na 同学 tóngxué.

Kutengeneza familia bila kujichanganya

Familia ni njia ya kupanga ulichokwisha kukutana nacho. Subiri herufi ijitokeze katika maneno matatu unayoyajua tayari, ndipo uifungulie ukurasa kwenye kauntabuku. Andika herufi juu, sauti yake, na maneno yale matatu. Kwenye kamusi ya Pleco, ukiigusa herufi utapata orodha ya maneno inamoingia. Usiyabebe yote, kwa sababu yatakuwa makumi na mengi hayatumiki. Chagua mawili kwa wiki, yale ambayo una sentensi yake. Familia ikifika maneno manane, ifunge kwa muda.

Maana iandike kwa Kiswahili, hata kama kamusi ni ya Kiingereza. Kuna mahali Kiswahili kinalingana na Kichina kuliko Kiingereza kinavyolingana. Mpunga, mchele na wali ni 稻 dào, 米 mǐ na 饭 fàn, moja kwa moja. Mjomba ni 舅舅 jiùjiu na baba mdogo ni 叔叔 shūshu. Anayepitia Kiingereza anawakuta wamekuwa mtu mmoja.

Ukitumia Anki, programu ya kadi za kukariria, inaanza na kadi mpya 20 kwa siku. Ipunguze hadi 8, kwa sababu marudio hujilimbikiza na baada ya wiki tatu utaikimbia. Ujue pia kwamba Anki inaweza kutenganisha kadi za neno lilelile tu. Haijui kwamba 发货 na 退货 ni ndugu. Kazi hiyo ni yako: zipe lebo ya 货 na usimamishe moja hadi nyingine ikae.

Jaribio nalo liwe la upande mgumu. Ukianza na 退货 ukauliza maana yake, 货 inakuonyesha nusu ya jibu na unajiona umeshajua. Anza na Kiswahili, "rudisha mzigo", sema kwa sauti pamoja na toni, kisha andika. Changanya kadi za familia tofauti kila siku. Familia ikirudiwa kwa mfululizo inajibu yenyewe.

Nani achague ipi

Mwagizaji wa bidhaa: wiki sita za mwanzo kwa matukio (kuuliza bei, kuagiza, kulipa, kusafirisha), kisha familia za 货, 价 jià (bei) na 车. Njia zote mbili, kwa mpangilio huo.

Wa saiti: tukio la usalama kwanza, halafu 工. Asiguse vipande.

Wa mabondo: tukio la mzani na ile familia ya 斤. Kwa mazungumzo ya kazi, maneno 60 yaliyokaa yanamsaidia kuliko 300 ya kutambua tu.

Mwenye mtihani baada ya miezi mitatu: maneno mapya kutoka orodha iliyochanganywa, familia jioni kwa marudio, vipande akifika ngazi ya tatu.

Na asiyetaka kabisa kusoma herufi, anayetaka kuongea tu, aachane na familia. Bila sura ya herufi, diàn ni diàn, na kundi lake litajaa umeme na maduka pasipo njia ya kuvitenganisha. Huyo ajifunze sentensi nzima za tukio, na azirekodi kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na lugha hiyo.